Mfumo mchanga wa sayari ni nini, na hugunduliwaje?

Jua letu lina umri wa takriban miaka bilioni 4.6. Wanaastronomia wakisema mfumo fulani wa sayari ni mchanga, wanazungumzia nyota ya miaka milioni chache, au makumi ya mamilioni, ambayo sayari zake pengine bado zinaumbika.

Nyota inapozaliwa, gesi na vumbi vilivyosalia huizunguka vikiwa vimetandaa kama sahani. Humo chembe hugandamana na kukua hadi kuwa sayari, na sayari inayokua hufagia njia yake na kuacha pengo. Mwaka 2014 darubini za ALMA, zilizoko Chile, zilipiga picha ya nyota HL Tauri. Nyota hiyo ina umri wa kama miaka milioni moja tu, lakini sahani yake ilishajaa pete na mapengo. Wengi hawakutarajia mambo yaende kasi hivyo. Hata hivyo pengo peke yake halitoshi kuwa ushahidi, maana hata bila sayari laweza kutokea.

Kwa PDS 70 hakuna ubishi. Nyota hii iko umbali wa karibu miaka ya nuru 370 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwaka 2018 sayari ilionekana ndani kabisa ya pengo lake, na mwaka uliofuata ikaonekana ya pili. Zote mbili bado zinajivutia gesi.

Kuzipata sayari changa si rahisi. Sayari nyingi hugunduliwa pale zinapopita mbele ya nyota na kufifisha mwanga wake kidogo. Sasa nyota changa ni korofi: ina madoa makubwa na milipuko ya mara kwa mara usoni mwake, hivyo mwanga wake hupanda na kushuka wenyewe. AU Microscopii ni ya namna hiyo, na sayari yake iliyotangazwa mwaka 2020 ilibidi ichambuliwe kutoka katika vurugu hizo.

Lakini uchanga una faida yake. Sayari changa bado ina joto la kuumbwa kwake, kwa hiyo hung'aa katika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Wataalamu huziba mwanga wa nyota kwa kifaa maalumu ndani ya darubini, kisha huipiga picha sayari yenyewe. Sayari nne za nyota HR 8799 zilipatikana hivyo. Zote ni majitu ya gesi yaliyo mbali na nyota yao. Sayari yenye ukubwa wa Dunia haijawahi kupigwa picha ya namna hii.