Distro ipi ni rahisi kusakinisha? Anza na bando, malizia na diski

Kazi yangu ni kufunga mifumo kwenye laptopu za mtumba hapa Kariakoo, na swali hili naulizwa na karibu kila mteja anayetaka kuhama Windows kwenda Linux, mfumo unaokuja kwa aina nyingi ziitwazo distro. Wengi wanaangalia uzuri wa skrini. Mimi naangalia bando kwanza. Faili la Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, Linux Mint 22 haifiki GB 3, na Debian ya kusakinisha kwa mtandao haifiki hata GB 1. Hiyo ndogo isikudanganye: programu nyingine zote inazishusha katikati ya kazi, kwa hiyo intaneti ikikatika umekwama.

Anayeanza nampa Mint. Unaiwasha kutoka kwenye flashi, unajaribu waifai, sauti na kamera kabla diski haijaguswa.

Debian naipenda zaidi, na imekuwa rahisi mno tangu toleo la 12 la mwaka 2023, lilipoanza kuja na programu za kuendeshea kadi za waifai ndani ya kisakinishi chenyewe. Zamani ulizitafuta pembeni. Ila kuna ukurasa mmoja unaowasumbua watu kweli: ule wa nenosiri la root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Wengi wanalijaza kwa kuwa wameulizwa. Ukilijaza, akaunti yako haipewi sudo (ruhusa ya kutoa amri kama mtumiaji mkuu), na kesho yake kila amri ya kuongeza programu inakataliwa. Acha wazi, bonyeza uendelee; mtumiaji wa kwanza atapewa sudo. Maelezo haya yapo palepale kwenye skrini, lakini nani anayasoma?

Fedora ni nzuri, na toleo la 42 la 2025 limenyoosha ule mpangilio wa zamani wa kurukaruka kati ya kurasa. Arch ina archinstall, programu ya kuisakinisha, tangu 2021, lakini bado ni ya mtu anayejua anachokitaka.

Sasa diski. Ubuntu na Mint zikiiona Windows, hukupa chaguo la kusakinisha kando yake. Chaguo hilo lisipoonekana, tafadhali usichague kufuta diski nzima ili mradi kazi iishe. Mara nyingi ni BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data ya diski), au BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) imewekwa kwenye RST, namna ya Intel ya kuendesha diski. Zima kompyuta, rudi Windows, hamisha picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, kisha uzime BitLocker na usubiri imalize kufungua diski yote ndipo uirudishe flashi.