Mkuu wa kaya ni nani? Heshima ya baba pale kipato kinapokatika

Makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 walipobisha hodi katika nyumba za Watanzania, walitakiwa kumjua kwanza mkuu wa kaya. Huyo si lazima awe mwanamume, wala mwenye kipato kikubwa kuliko wengine, bali ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua kuwa ndiye mkuu wao. Sisi tunaoshughulika na ustawi wa jamii huukumbuka ufafanuzi huo kila tunapompokea baba anayelalamika kuwa nyumbani kwake hasikilizwi, kwa sababu aghalabu huja akitaka tumrudishie cheo ambacho hakikutolewa na ofisi yoyote.

Mara nyingi malalamiko huanza kipato kinapokatika. Dereva wa bodaboda ambaye pikipiki imerudi kwa tajiri baada ya yeye kushindwa kupeleka hesabu huendelea kuondoka alfajiri kama kawaida, akashinda kijiweni na kurudi usiku, ilimradi watoto wasijue. Mkewe, ambaye genge lake la mboga na mkopo wa kikoba ndivyo vinavyolisha nyumba kwa wakati huo, huja kuupata ukweli kwa jirani. Hapo ndipo maneno ya mtaani kama "mume suruali", yaani mume wa jina tu asiyeitunza nyumba yake, yanapomfikia baba, naye kwa kuyaogopa huanza kuitafuta heshima kwa ukali: anamkataza mke kwenda kwenye kikao cha kikoba, anahoji chenji ya shilingi mia mbili, anamchapa mtoto kwa kosa ambalo jana alilicheka. Katika mashauri ya aina hii, wake wengi hawaanzi kwa kulalamikia njaa. Wanachokisimulia kwa uchungu ni zile wiki walizofichwa.

Wapo wanaoamini kwamba sheria iko upande wa ukali huo, na hapa hatuna budi kusema wazi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaeleza kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ni kweli kwamba kifungu cha 63 kinampa mume wajibu wa kumtunza mke kwa chakula, mavazi na malazi, lakini kwa kadiri ya uwezo wake. Na kifungu hicho hicho kinamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume ambaye maradhi ya mwili au akili yamemzuia kujitafutia riziki. Kumbe sheria yenyewe, yenye umri wa zaidi ya nusu karne, ilikwisha kuona kwamba baba anaweza kukwama.

Kwa baba aliyekwama, ushauri wetu ni kumweleza mkewe siku hiyo hiyo kazi ilipokatika, kabla ya kumweleza rafiki wa kijiweni, kisha wakae pamoja kupanga kodi, ada na deni lipi litangulie. Watoto wakubwa nao waambiwe kwa kiasi wanachoweza kubeba. Yapo pia majukumu yasiyodai fedha ambayo baba mwenye kazi hakuwa na muda nayo, kama vile kukagua madaftari ya shule, kumpeleka mtoto kliniki, au kwenda sokoni alfajiri kubeba magunia ya genge. Wengine huona aibu kuonekana genge la mke, ingawa hawakuona aibu kushinda kijiweni.

Pale mazungumzo yanaposhindikana, wanandoa wanaweza kumwona afisa ustawi wa jamii katika halmashauri yao au kupeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Wanaume wengi huliepuka baraza kwa kudhani ni mahali pa kushitakiwa tu, ilhali mume naye ana haki ya kulifungua shauri na kusikilizwa.