Sindano za mzio kwa mwenye pumu, presha au ujauzito

Imunotherapia ya mzio ni tiba ya kuuzoesha mwili kitu kinachousumbua: chavua ya nyasi, vijidudu vya vumbi la godoro, sumu ya nyuki. Mgonjwa huchomwa kiasi kidogo sana cha kitu hichohicho, dozi ikapandishwa kila wiki kwa miezi kadhaa, kisha anabaki na sindano moja kwa mwezi kwa miaka 3 hadi 5. Ipo pia ya matone au vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Hiyo aliyeng'olewa jino husubiri kidonda kipone kwanza.

Daktari Leonard Noon alichapisha majaribio yake ya chavua London mwaka 1911, na hadi leo unampa mtu kilekile kinachomdhuru. Kwa hiyo mwenye maradhi mengine anaulizwa jambo moja kabla ya yote: sindano ikimgeuka leo, mwili utahimili, na adrenalini, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na mzio, itamshika?

Pumu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Vifo vingi vilivyotokana na sindano hizi vilihusu watu ambao pumu yao haikuwa imetulia. Pumzi anayoweza kutoa kwa nguvu katika sekunde moja ikiwa chini ya asilimia 70 ya inayotarajiwa, tiba haianzi. Hata aliyekwisha kuanza hupuliza kipimo kabla ya kuchomwa. Aliyefika kliniki Moshi na bodaboda katika vumbi la Januari, kifua kinabana na pampu ya bluu kaivuta mara mbili usiku, arudishwe nyumbani bila sindano. Mwenye homa vilevile. Kuahirisha wiki moja hakuharibu tiba.

Kwa presha, tatizo huwa dawa. Atenolol, propranolol na carvedilol huziba mahali adrenalini inapofanyia kazi, hivyo mgonjwa akizidiwa, sindano ya kumwokoa inaweza isimsaidie vya kutosha. Wengi hujisahau hapa, maana propranolol hupewa pia mwenye kipandauso au tezi la shingo, na timolol ni matone ya presha ya macho. Daktari akiuliza "unatumia dawa gani?", beba mfuko mzima, matone yakiwemo. Usiziache mwenyewe ghafla, moyo unaweza kuleta matata. Daktari ndiye wa kuzibadilisha. Isipowezekana, kwa mafua ya chavua haifai kujihatarisha. Lakini mkulima wa kahawa wa Kibosho aliyewahi kuzimia kwa kuumwa na nyuki huenda yuko hatarini zaidi asipotibiwa. Huyo huchomwa palipo na akiba ya glukagoni, dawa ya kusaidia adrenalini ikishindwa.

Mjamzito haanzishiwi wala hapandishiwi dozi. Aliyekwisha kufika kwenye sindano za kila mwezi na anazivumilia anaweza kuendelea. Kinachohofiwa ni mshtuko wa mzio: presha ya mama ikishuka, mtoto anakosa oksijeni. Mwenye VVU anayetumia ARV, CD4 (chembe za kinga) zikiwa juu ya 200, anaweza kufikiriwa. Mwenye UKIMWI, saratani inayoendelea au lupasi iliyoamka (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe), hapana. Kisukari kilichotulia hakizuii.

Baada ya sindano, kaa kliniki dakika 30, kwa kuwa athari kali nyingi huanza ndani ya muda huo. Dakika ya kumi usikimbilie Hiace ya Himo au Usa River, na siku hiyo usipande mlima wala kufanya kazi nzito. Mkono kuvimba palipochomwa ni kawaida. Viganja vikiwasha, koo likikaza au ukisikia kizunguzungu, mwite muuguzi palepale. Mtu mzima huchomwa adrenalini ya miligramu 0.5 msulini, upande wa nje wa paja. Mtoto hupigiwa hesabu ya miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa alazwe chali, miguu juu, na asisimamishwe hata akidai amepata nafuu. Anayeshindwa kupumua akilala, akalishwe.