Romeo na Juliet: ni mahaba au ni tanzia?

Yataje majina haya mawili popote pale, na hata asiyewahi kusoma ukurasa mmoja wa Shakespeare atajua unazungumzia wapenzi. Picha inayomjia ni ile ya usiku mjini Verona: binti yuko juu dirishani, kijana yuko chini bustanini, wanaapiana kupendana. Ndiyo maana wengi huihesabu tamthilia hii kuwa ya mahaba. Mimi naiita tanzia, na si kwa sababu tu wapenzi wanakufa mwishoni.

Msiba wenyewe haufichwi. Nakala ya kwanza iliyochapwa, mwaka 1597, inaitwa tanzia tangu kwenye jina lake. Kisha mchezo unafunguliwa kwa shairi la mistari 14 linalosema wazi kwamba wapenzi wawili wenye nyota mbaya watajitoa uhai, na kifo chao ndicho kitakachozika uhasama wa wazazi wao. Neno letu linafaa sana hapa, maana tanzia ni aina ya tamthilia na pia ni taarifa ya kifo. Shakespeare anasoma taarifa kwanza, halafu anatuletea marehemu wakiwa hai, wanacheka na kucheza.

Na kweli tunacheka. Futuhi za Kiingereza za enzi hizo zilikuwa na mwendo wake: vijana wanapendana, wazee ni kikwazo, watumishi wanabeba siri, utani unamwagika, mwisho harusi. Mwanzo wa Romeo na Juliet una hayo yote. Kuna karamu ya vinyago, kuna yaya asiyenyamaza, kuna Mercutio, rafiki yake Romeo, ambaye haishiwi mzaha. Ila harusi inafungwa mwisho wa sehemu ya pili, na sehemu ziko tano. Mtazamaji wa siku zile aliyezoea kurudi nyumbani baada ya ndoa angejiuliza: sasa kimebaki nini?

Kilichobaki kinaanza palepale, na kwangu mimi hapa ndipo penye jibu. Romeo ametoka kufunga ndoa ya siri. Njiani anakutana na Tybalt, binamu yake Juliet, anayemchokoza wapigane. Romeo anakataa: huyu sasa ni shemeji yake, ingawa hawezi kulisema hilo mbele za watu. Mercutio anaona ni woga, anachomoa upanga yeye. Romeo anaingia kati kuamulia, na Tybalt anapenyeza upanga chini ya mkono wake na kumchoma Mercutio. Upendo ndio uliomfanya Romeo aingie kati, na kuingia kwake kati ndiko kulikompa Tybalt nafasi. Ukiyatenganisha mapenzi na msiba katika tukio hilo, tukio lenyewe linavunjika. Muda mfupi baadaye Romeo analipa kisasi, Tybalt anakufa, na bwana harusi anafukuzwa mjini.

Wapo wanaosema yaliyofuata ni bahati mbaya tu. Juliet anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na barua ya kumweleza Romeo haifiki kwa sababu mtawa aliyeibeba amefungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Ni bahati mbaya, sikatai. Lakini tazama Shakespeare alivyoibana hadithi aliyoirithi. Katika shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562 mambo yanakwenda kwa miezi, na Juliet ana karibu miaka 16. Shakespeare anampa miaka 13, na kila kitu kinakwisha kuanzia Jumapili hadi alfajiri ya Alhamisi. Kwa haraka hiyo, barua ikichelewa hata siku moja tu, watu wanakufa.

Waliotaka mahaba matupu ilibidi wabadilishe mwisho. Katika karne ya 17, James Howard aliiandika upya huku Romeo na Juliet wakibaki hai, na huko London ikachezwa kwa zamu kwa siku kadhaa: leo wanakufa, kesho wanapona. Maandishi ya Howard yamepotea. Yale ya vifo ndiyo yanayochezwa hadi leo.