Mtoto mchanga anadai nini, na kwa msingi gani?

Somo la misingi ya haki za binadamu huwa nalianza na mtoto mchanga. Hajui jina lake, hana wajibu wowote, na akitaka kitu analia tu. Ana haki? Darasa zima hujibu kwamba anayo. Nikiuliza kwa nini, kimya.

Wengi hukimbilia kwa Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani. Mwaka 1785 aliandika kwamba kitu ama kina bei ama kina hadhi: chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine, chenye hadhi hakina mbadala. Sijasoma hoja nzuri kuliko hiyo katika fani hii. Ila kwake hadhi inatokana na akili inayoweza kujiwekea sheria, na mtoto wetu hana akili hiyo. Ukisema ataipata akikua, wapo watu ambao hawataipata kamwe. Tuwaambie nini?

Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, alikata mzizi wenyewe: haki huzaliwa na sheria, na haki ya asili, ile mtu anayodaiwa kuzaliwa nayo, ni upuuzi. Sheria mbaya kwake hupimwa kwa raha na maumivu ya wote, basi kilio cha mtoto kinageuka tarakimu moja katika hesabu ndefu. Hapo ninamkataa kabisa.

Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, la 1948, lilipita kwa kura 48, nchi 8 zikajizuia, na hakuna iliyopinga. Jacques Maritain, mwanafalsafa Mfaransa, alikuwa ameeleza siri ya maafikiano ya namna hiyo: tunakubaliana juu ya haki hizi mradi asiulize mtu kwa nini. Hata hivyo, isome Ibara ya 1 kwa Kiswahili, taratibu: “Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu.”

Litazame neno “hivyo”. Akili na dhamiri zimefungwa kwenye wajibu, wala si kwenye haki. Haki imetangulia, imekuja na kuzaliwa. Kwa usomaji huu (ni wangu, sidai kwamba waandishi walikusudia hivyo) akili inaeleza kwa nini sisi wakubwa tunadaiwa. Haimwondoi mtoto kwenye orodha ya wanaodai.

Anadai kwa msingi gani, basi? Mimi naegemea kwa Joseph Raz, mwanafalsafa wa sheria: mtu ana haki pale ambapo maslahi yake yana uzito wa kutosha kumfunga mwingine wajibu. Mtoto ana maisha yanayoweza kumwendea vizuri au vibaya, yeye mwenyewe, hata kabla hajayaelewa. Njaa yake inatosha kunifunga mimi.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: mbona ng'ombe naye ana maslahi? Raz angejibu kwamba mwenye haki lazima ustawi wake uwe na thamani kwa ajili yake mwenyewe, si kwa faida ya mwingine. Nikirudia jibu hilo, huona kwamba linamsaidia ng'ombe zaidi kuliko linavyomzuia, na ndiyo maana neno “binadamu” katika haki za binadamu bado linanidai hoja.