Utandawazi kwa jicho la uchumi wa Kiislamu

Utandawazi ni hali ya nchi kufungamana kwa biashara, mitaji, teknolojia na watu. Uchumi wa Kiislamu hauna ugomvi na biashara ya kuvuka bahari. Uislamu wenyewe ulienea Indonesia kwa kiasi kikubwa kupitia wafanyabiashara. Unachohoji ni fedha inayoingia: je, imeshikamana na mali halisi, na hasara ikitokea nani anaibeba?

Indonesia hiyo hiyo ni mfano mzuri. Katika miaka ya 1990 kampuni zake zilikopa dola kutoka nje kwa riba, nyingi kwa muda mfupi, ilhali mapato yao yalikuwa ya rupia. Julai 1997 Thailand iliposhindwa kuitetea sarafu yake, wenye mitaji wakaanza kukimbia eneo zima. Dola iliyokuwa ikipatikana kwa rupia kama 2,400 ilipita 16,000 mwaka 1998. Deni la mkopaji, likihesabiwa kwa rupia, likavimba zaidi ya mara sita, na mkataba haukumpunguzia hata senti. Hii ndiyo sura ya riba inayolaumiwa na wanauchumi wa Kiislamu: faida ya mkopeshaji imeshaandikwa, hasara yote ni ya mwenzake. Walanguzi wa sarafu wao huwekwa karibu na maysir, yaani kamari.

Mabenki nayo yaliumia. Viwango vya riba vilipanda hadi karibu asilimia 70, hivyo yakabanwa kuwalipa wenye amana viwango hivyo huku wakopaji wao hawalipi. Bank Muamalat, iliyoanza kazi mwaka 1992 kwa misingi ya sharia, iligawana faida na waweka amana wake. Faida iliposhuka, fungu lao nalo lilishuka. Ikapita bila kuokolewa na fedha za serikali.

Lakini wapo wanaoipamba mno habari hii. Benki hiyo nayo ilipata hasara kubwa, kwa sababu wateja wake walikuwa katika uchumi ule ule uliozama. Na mtaji wa kuiinua ulitoka nje, kwa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao Jeddah, iliyoingia kama mwanahisa mwaka 1999. Mwanahisa hana riba ya kudai: benki ingeanguka, naye angepoteza chake.