Kiti kujaa siyo kupanda daraja: bei ya msusi inavyopangwa saluni

Nasimamia saluni, na kabla ya hapo nimesuka na kupaka rangi miaka mingi tu, lakini swali ninaloulizwa kuliko yote wala halihusu nywele. Ni hili: "Mbona fulani kanikuta hapa na leo anatoza kunizidi?" Swali la haki kabisa, ila jibu lake wasusi wengi hawalipendi manake wanataka liwe miaka, na miaka jamani hainunuliwi na mteja. Mteja ananunua saa zako.

Msusi wa saa 40 kwa wiki hana kitu kingine cha kuuza zaidi ya hizo 40, na saa ikipita kiti kiko kitupu ndo imeenda, huwezi kuiweka ukaiuza kesho. Kwa hiyo kitu cha kwanza nafungua daftari la miadi nahesabu zilizouzwa. 32 kati ya 40 ni asilimia 80. Mtu akikaa hapo au juu ya hapo wiki 12 mfululizo, na sihesabu msimu wa sikukuu ambao hata mwanafunzi anajaza kiti, basi huyo bei yake iko chini, watu wanamgombania. Aliye kwenye asilimia 50 ukimpandishia utakuwa umemfukuzia hata hao wachache alionao.

Sasa, kujaa peke yake kunadanganya. Nilikuwa na msusi mmoja kiti chake hakipoi, kila siku sura mpya, mi nafurahi tu, mpaka siku nilipokaa kuhesabu wanaorudi. Wateja wapya 20 kapita nao, ndani ya siku 90 wamerudi 5. Kumbe matangazo ya saluni ndo yalikuwa yanamjazia kiti afu yeye anawamwaga. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, ila mwenye mzigo nilikuwa mimi. Jirani yake alipata wapya 8 tu, wakarudi 6, na hao wote walikuwa wameshapanga siku ya kurudi kabla hawajainuka kitini. Hapo hamna uchawi, nywele inakua sentimita 1 na ushee kwa mwezi, mtu wa rangi mizizi inaanza kumsumbua kati ya wiki ya 4 na ya 6, msusi anayejua kazi anaitaja hiyo tarehe huku bado anamfuta mteja shingo kwa taulo. Nikampandisha daraja, yaani bei yake, huyu wa wapya 8. Nilinuniwa wiki nzima.

Kitu kingine naangalia ni kazi zinazorudi kurekebishwa, manake ile saa ya kurekebisha hailipwi na mtu.

Bei yenyewe naipataje? Nachukua gharama zote za mwezi, kodi, umeme, maji, mishahara, nagawa kwa saa ambazo kweli zinauzika, siyo saa ambazo mlango uko wazi (hili kosa nimelifanya, najua linavyouma). Hapo napata kiwango cha saa ambacho chini yake tunafanya kazi ya sadaka. Juu yake naweka dawa iliyotumika, na dawa tunapima kwa mizani ndogo kama ile ya jikoni, bakuli juu, unakamua rangi, unasoma. Nywele fupi unaweza kumaliza na gramu 60, za kushuka mgongoni na nzito zikala 180, afu kuna saluni zinatoza wote wawili bei moja halafu wanashangaa faida imeenda wapi.

Nikipandisha mtu huwa asilimia 10 hivi, na yeye ndo anaogopa kuliko mteja. Namfanyia hesabu hapo hapo: una wateja 100, bei imepanda asilimia 10, wakiondoka 9 bado unaingiza kilekile, na umebaki na 91 wa kuhudumia. Wanaokodi kiti hawanihusu kwenye haya, wao wanajipangia bei.

Vigezo vyote nimevibandika kule nyuma tunapokunywa chai, namba zikionekana, manake vikikaa kichwani mwangu tu lazima utasikia bosi ana mtu wake.

Mteja wa zamani anaambiwa wiki 6 kabla, na anaambiwa na msusi wake mwenyewe, siyo karatasi ukutani. Akisema hataiweza bei mpya, msusi anamshika mkono anampeleka kwa msusi mdogo wake kikazi wa kiti cha pili, ambaye bei yake bado iko chini, anamwambia mbele yake kichwa hiki kinapenda nini na kinakataa nini, mchanganyiko wa rangi yake ni upi. Asilimia 80 ya huyo mdogo mara nyingi inaanzia na wateja hao.